Giza, Mbalamwezi na Ajira Isiyofika

Mwaloni Igombe, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga Ziwa Victoria, Mwanza, hakuna anayehesabu mwezi kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu kwa giza. Mwezi ukishapungua, mitumbwi ya dagaa inaingia majini kila jioni na taa zake, na ikifika saa tatu usiku ziwa limewaka hadi mgeni anauliza ng'ambo kule ni mji gani. Ni wavuvi tu. Kisha mwezi unaanza kukua. Ukikaribia kuwa mpevu taa inakosa kazi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na anga lote likiwa jeupe hawana haja ya kujikusanya chini ya taa ya mtu. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa, watu wanakaa. Siku hizo zinaitwa mbalamwezi, na hakuna mvuvi anayebishana nazo, hata awe na deni la mafuta, la nyavu na la dukani kwa Mangi kwa pamoja.

Nilikaa mwaloni hapo, kwa mama mdogo, karibu muda wote niliokuwa nasubiri ajira ya ualimu. Ninayoandika nimeyapata huko, mengine kwa kutazama watu, mengine kwa kukaa kanisani nikiwa sina jipya la kumwambia Mungu.

Chuo nilimaliza Nyegezi mwaka 2015, masomo ya kufundishia Kiswahili na Historia. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza wanarudi nyumbani kwa miezi michache, majina yanatoka, wanafunga mizigo. Nasi tulijiandaa hivyohivyo. Mwenzangu mmoja alishanunua hadi godoro la kwenda nalo kituoni. Katikati ya 2016 ajira za serikali zikasitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Ukaja na uhakiki wa vyeti, ambao ripoti yake ya Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vibali vilipoanza kutoka tena, waliohitajika kwanza walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Sisi wa masomo ya sanaa tukabaki mtaani. Lile godoro, nasikia, lilikuja kuuzwa.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba sipendi mahubiri yanayosifu kusubiri. Kwetu ni Sengerema. Tumekulia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi: unafika na basi, unashuka, unanunua muwa au mahindi ya kuchoma, unakitazama kivuko kikiwa kimetulia ng'ambo. Nyuma yako linafika gari la wagonjwa, ndani kuna mama mwenye uchungu, nalo linangoja kivuko kirudi, maana majini hakuna njia ya panya. Juni 2025 daraja la kilomita tatu lilifunguliwa pale na sasa watu wanavuka kwa dakika chache. Nimeshawasikia wanaodai kuikumbuka foleni, eti ilikuwa inakutanisha watu. Mimi siikumbuki hata kidogo. Kusubiri kwenyewe hakuna utakatifu. Kunachosha, kunakula hela, na kuna waliokula hasara kubwa kuliko ya hela.

Kwangu mimi uchovu ulikuwa unakaa kwenye simu. Grupu la WhatsApp la wahitimu wa mwaka wetu halikulala. Kila baada ya siku chache mtu anaandika "majina yapo mezani, wiki hii yanatoka." Mwingine anatuma PDF, unaifungua mkono ukitetemeka, kumbe ni orodha ya zamani iliyobadilishwa tarehe. Bando linaishia kwenye uvumi. Vyeti nilivitoa kopi, wakili akavigonga muhuri, vikachakaa ndani ya bahasha, nikatoa vingine. Ndugu nao wanauliza kwa upole, na upole ndio unaouma: "Bado tu, mwanangu?" Ukienda msibani unaulizwa. Ukienda kwenye harusi unaulizwa, na kadi ya mchango unapewa vilevile.

Kusali nilisali. Novena ya Mtakatifu Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana, niliisali siku zake tisa, nikimaliza naanza tena. Jirani akanikaribisha kwenye mkesha wa kanisa lao, mhubiri akatangaza kwamba kuna binti humu ndani, ana vyeti vyake, mwezi huu hautaisha. Nilijua ni mimi. Mwezi uliisha. Nilikwenda na wa pili, na huo ukaisha. Hata kwenye sala nilikuwa natafuta jina langu kwenye orodha: naingia, silioni, natoka.

Mama mdogo alikuwa ananunua dagaa wabichi alfajiri, anawaanika, anawauzia wanaopeleka Kirumba Mwaloni, sokoni ambako wafanyabiashara wa kutoka Kongo hadi Zambia wanajaza magunia. Nikaanza kumsaidia kwa sababu kukaa ndani na simu kulikuwa kunanimaliza. Kazi hiyo ina haraka yake. Mitumbwi ikitia nanga alfajiri, dagaa lazima wawe wameshatandazwa jua likichomoza, wageuzwe mchana, waanuliwe jioni. Jua kali la siku moja linatosha. Mvua ikikukuta, ulichonunua kiwe mboga ya watu unakiuza kiwe chakula cha kuku, na hasara ni yako, si ya mvuvi. Wengi tulianika mchangani au juu ya mawe mapana, ambayo Mwanza hatujawahi kuyakosa. Wenye uwezo walikuwa na vichanja vya nyavu. Dagaa wa kichanja hawana mchanga, na bei yao ni nyingine.

Mtu wa nje angedhani mbalamwezi ikifika mwalo unatulia. Wapi! Kazi haipo, na utulivu nao haupo. Vijana wa kambi wanacheza karata na puli mpaka usiku wa manane, wanakunywa kwa hela ya kukopa, na ugomvi wa mapenzi wa mwezi mzima umewekwa akiba kwa ajili ya wiki hiyo. Mwenye mtumbwi anazunguka akihesabu anachopoteza. Wachache wanashona nyavu zilizochanika, nao wanashona huku wanatukana. Nilikuwa nikipita hapo na beseni kichwani naona mambo yangu mwenyewe: mikono haina kazi, kichwa hakina nafasi. Kukosa la kufanya ni kitu kimoja, kutulia ni kingine, wala hicho cha kwanza hakizai cha pili. Mimi nilikuwa kwenye mbalamwezi iliyokataa kuisha na sikuwa nimetulia hata jioni moja.

Aliyenionyesha kitu kingine ni bibi mmoja Mkerewe, Msabato, ambaye eneo lake la kuanikia lilipakana na letu. Mdogo wa umbo, mgongo umeanza kupinda, mkali kwa watoto waliokuwa wakikatiza juu ya dagaa. Ijumaa saa kumi alasiri yeye alikuwa ameshaanua. Jua likizama, basi. Jumamosi alfajiri hata mitumbwi irudi imejaa, hata bei ianguke kwa wingi wa dagaa, hanunui hata ndoo moja hadi jua lizame tena. Asiyefanya kazi hii anaweza asione uzito wake. Giza la mwezi mmoja lina Jumamosi mbili, kwa bahati tatu. Jumamosi ya giza, dagaa wakiwa wengi na jua likiwa kali, ndiyo inayompa mwanikaji hela ya kumvusha mbalamwezi. Sisi tunakimbizana na ndoo, yeye amerudi kutoka kanisani na gauni lake safi, ameketi chini ya mwembe, Biblia na kitabu cha nyimbo pembeni, anatutazama.

Jumamosi moja, tukiwa tumeshamaliza kutandaza, nilimfuata pale mwembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmepata?"

"Tumepata sana. Bei imeshuka mno leo." Nikasita kidogo, kisha nikamuuliza: "Bibi, huumii?"

"Naumia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Naumia, na nimekaa."

Nikadhani mazungumzo yameishia hapo, kwa sababu alikuwa si mtu wa maneno. Baadaye kidogo akaonyesha kwa kidevu kundi la vijana waliokuwa wakiosha mtumbwi. "Mwezi unanisimamisha mimi na hao walevi sawasawa. Hauniulizi. Hii siku moja nasimama mwenyewe."

Mimi ni Mkatoliki na sikuwa na mpango wa kuhamia kwao. Tena nina maswali yangu kuhusu namna wanavyobishana juu ya siku, ambayo si ya kuletwa hapa. Ila neno lake lilinikalia. Kusubiri nilikuwa nimelazimishwa, hakuna aliyeniuliza. Katika muda wote ule hapakuwa na dakika moja niliyosimama mwenyewe. Hata nilipopumzika nilikuwa nimesimamishwa.

Parokiani kwetu kulikuwa na saa ya kuabudu Ekaristi kila Alhamisi jioni. Nilikuwa nahudhuria, na saa yote nikiitumia kuombea ajira. Nikajiwekea sheria: ndani ya saa ile siombi ajira. Siombi kitu chochote. Na simu naiacha nyumbani. Kuizima hakutoshi, kwa sababu simu iliyozimwa mfukoni bado inaongea.

Wanaosimulia mambo haya wana tabia ya kuruka sehemu inayofuata, wanakutoa kwenye uamuzi moja kwa moja hadi kwenye amani. Mimi sikuruka. Jioni za mwanzo zilikuwa mbaya. Dakika kumi za kwanza nasikia kila kitu: konda wa daladala za Igombe anaita abiria, mtoto analia nje, mzee wa nyuma yangu anasafisha koo. Halafu linakuja wazo kwamba labda majina yanatoka sasa hivi na mimi simu nimeiacha. Halafu usingizi. Usingizi ukiisha inakuja hasira, na hasira hiyo sikuwa nimeialika. Kumbe nilipokuwa naomba ajira nilikuwa nimeifunika, maana mtu anayeomba hawezi kumkasirikia anayemwomba, atanyimwa. Nilipoacha kuomba ikapata nafasi ya kukaa. Nilimtazama Yesu wa Ekaristi nikiwa na mambo moyoni ambayo nisingeyasema mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha parokiani.

Nikamlalamikia katekista, mzee mmoja mpole aliyekuwa akitufundisha tangu zamani, kwamba ile saa inanipa hasira badala ya amani. Hakunipa ushauri. Aliniambia nikasome Zaburi ya 131, akaenda zake kufunga madirisha.

Zaburi hiyo ni fupi, mistari mitatu tu. Anayesali anasema hajishughulishi na mambo yanayomzidi nguvu, na kwamba ameituliza nafsi yake, ikawa kama mtoto aliyeachishwa kunyonya akiwa kifuani mwa mama yake. Niliisoma nikaiona ya upole mno kwa mtu wa hali yangu. Lakini nyumbani wakati huohuo kulikuwa na mtoto anayeachishwa kweli. Binti wa mama mdogo alikuwa na mwanawe wa kwanza, na siku ya kumwachisha ilikuwa imefika.

Aliyewahi kukaa nyumba moja na shughuli hiyo anajua kwamba upole humo haumo. Dada alipaka shubiri. Mtoto anakuja mbio, anaonja, anatema, anapiga ukelele, anampiga mama yake kifuani kwa viganja vyote viwili, halafu anajaribu upande wa pili. Usiku hatukulala. Mama mdogo alisema yake, jirani naye akasema yake kupitia ukutani. Nilichokuwa nakitazama, na ambacho zaburi haikukieleza, ni kwamba mama alikuwepo muda wote. Kifua kilekile, harufu ileile. Alichokifuata mtoto kimeondolewa, na aliyekiondoa ndiye anayembeba, hana mwingine wa kumlilia ila huyohuyo. Siku zikapita. Jioni moja mtoto akaja akapanda mapajani, akaegemeza kichwa, akakaa. Hakupapasa nguo. Hakutafuta. Dada mwenyewe aliganda, asitikisike, akinionyesha kwa macho.

Aliyeitunga zaburi ile, niliona basi, hakuwa anasimulia mtu aliyezaliwa mpole. Alikuwa anasimulia mtu aliyekwisha kulia. Alhamisi iliyofuata nikarudi kanisani na hasira yangu bila kuionea aibu.

Mabadiliko yalipokuja hayakuja na mwanga wala sauti. Ilikuwa ni Alhamisi ya kawaida, padri akatoa baraka, watu wakaanza kuinuka, na mimi nikashangaa kwamba saa imekwisha na bado nataka kukaa. Sikuwa nimewaza kitu cha maana. Nilikuwa nipo tu, naye yupo. Wiki iliyofuata haikuwa hivyo, nilisinzia. Lakini baada ya hapo nilijua ninachokiendea.

Nje ya kanisa mambo yalibadilika kidogo kidogo. Grupu la WhatsApp nikawa nalifungua mara moja tu kwa siku, jioni, dagaa wakishaanuliwa. Mikesha niliacha. "Bado tu?" ikawa inanipata, inauma, inapita, zamani ilikuwa inabaki hadi kesho yake. Mwenzangu wa chuo alipopata kazi shule ya binafsi nilimpigia simu nikiwa nimefurahi kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshangaa.

Siku za mbalamwezi, dagaa wakiwa hawapo, nikaanza kujitolea katika sekondari moja iliyokuwa haina mwalimu wa Historia. Pale nilipata swali ambalo sijalisahau. Nilikuwa nafundisha ujio wa wamisionari, na kwa kuwa jambo lenyewe lilitokea kando ya ziwa letu sikutaka lipite kama habari ya mbali. Nikawaeleza Kageye, kijiji cha ufukweni upande wa Magu, ambako mpelelezi Stanley alifika mwaka 1875 na ambako Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walitua mwishoni mwa 1878. Wawili walitangulia Buganda kwa Kabaka Mutesa, wakafika Februari 1879. Wenzao wakabaki Kageye miezi kadhaa wakingoja mitumbwi ya kuwavusha. Nilivyofundishwa mimi, habari inaruka kutoka kutua hadi kuvuka. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha kidole: "Sasa mwalimu, hao waliobaki walikuwa wanafanya nini?" Jibu la mtihani sikuwa nalo. Nilimwambia tu kwamba kama walifika miezi ya mvua, basi walikuwa wanaloa.

Nisieleweke vibaya juu ya huku kutulia. Maombi ya kazi niliendelea kutuma kila dirisha lilipofunguliwa. Namfahamu mtu aliyesema "nimemwachia Mungu" hadi tarehe ya mwisho ikampita, na sidhani Mungu alikuwa ameachiwa hiyo. Hata yule bibi, jua likizama Jumamosi alikuwa ameshavua gauni safi, na Jumapili alfajiri ndiye wa kwanza kufika kwenye mitumbwi. Kwa kubana bei hana mpinzani. Nimemwona akimfanya mvuvi mwenye misuli aombe poo kwa ndoo mbili za dagaa.

Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi yakavuka rekodi ya 1964. Mchanga wetu wa kuanikia ukaenda na maji. Tulihamia juu kwenye mawe, nafasi ikawa finyu, kukawa na kusukumana kuhusu mipaka, hadi mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Miezi hiyo Alhamisi nilikuwa nafika kanisani na tope miguuni, nasinzia kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Niliendelea kwenda. Nimeshaamua kwamba hata kusinzia pale kulihesabika.

Aprili 2022 zikatangazwa nafasi 9,800 za walimu. Niliomba kama nilivyokuwa naomba siku zote. Majina yalipotoka, la kwangu lilikuwemo. Ningependa kuripoti kwamba nililipokea kwa utulivu wa mtawa, lakini nilipiga ukelele, mama mdogo akatoka na mwiko akidhani mwizi, na alipoelewa akapiga vigelegele hadi vijana wa kambi wakaja kuuliza nani anaolewa. Bibi aliuliza swali moja, kituo kiko wapi. Nikamwambia Ukerewe. Akaanza kunitajia ndugu zake wa kisiwani, mmoja mmoja na ukoo wake, na salamu za kila mmoja, mpaka nikachukua karatasi.

Jambo nililokuja kuliona nikiwa kazini ni kwamba kupata kulinitikisa kuliko kukosa. Vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha yanafika kiunoni, zamu, vikao, semina. Mshahara wa kwanza ulikuwa na wenyewe kabla haujaingia. Mabenki yanakuja hadi ofisini kwa walimu kukukopesha. Kigango chetu, kanisa dogo lililo chini ya parokia, padri anafika kwa nadra, saa ya kuabudu haipo, na kabla ya muhula kuisha nilikuwa nimeshazoea kulala na simu mkononi nikipanga ya kesho. Hakuna mwezi uliokuwa unanisimamisha tena. Nilipokuwa sina kitu, kusimama mwenyewe kulikuwa kunanigharimu saa moja ya mtu asiye na kazi. Sasa saa hiyo ilikuwa na wadai.

Niliirudisha Alhamisi. Nakwenda kwenye mawe nyuma ya nyumba za walimu, simu nimeiacha mezani, nakaa hadi giza liingie. Mkuu wa shule hajalizoea jambo hili. "Mwalimu, jana jioni ulikuwa wapi? Tumekupigia sana." Nikamwambia nilikuwa nimekaa. "Umekaa wapi?" Hapo ziwani. "Unafanya nini?" Nimekaa tu, mkuu. Alinitazama kwa huruma, na nadhani tangu siku hiyo ananichukulia kama mtu mwenye tatizo la ndoa, ingawa sijaolewa.

Mtoto wa dada yangu mkubwa amehitimu ualimu naye, na sasa hivi zamu ya kusubiri ni yake. Kwenye usaili wa Januari 2025 waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi 14,648, na yeye hakupita. Juzi alinipigia usiku, sauti imekwisha kabisa. Nikamsimulia haya yote, ya bibi, ya shubiri, ya saa ya Alhamisi. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mama mdogo," akasema. "Lakini wewe unaongea ukiwa na mshahara."

Nilicheka, kwa sababu hapo hakukosea. Nikamkumbusha kwamba sheria ya Alhamisi niliiweka nikiwa sina hata nauli ya Kirumba. Akasema atafikiria. Kisha akaniomba elfu ishirini, ya bando na ya kutoa kopi vyeti. Nikamtumia na ya kutolea.